Kipupwe cha Rongai na majirani wa ng'ambo ya Mbagathi

Watu wa Pwani wakiambiwa kuwa wakazi wa Rongai huvaa makoti mawili mwezi wa Julai, hucheka. Na waje walale hapa usiku mmoja! Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda tangu alfajiri, manyunyu hudondoka bila kufikia kuitwa mvua, na jua waweza kulingojea hadi saa nane mchana. Ukipanda matatu ya nambari 125 saa kumi na moja asubuhi kwenda mjini, utawakuta abiria wamejikunyata kama vifaranga. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pepo za kusini-mashariki zitokazo Bahari ya Hindi hutuletea hewa baridi yenye unyevu. Hicho ndicho kipupwe. Wamaasai walijua walichosema walipoyaita maji ya huku Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Na ukipita Kiserian ukielekea Magadi, utafika mahali panapoitwa Corner Baridi, jina lisilohitaji mfasiri.

Katika miezi hii wengi wetu hujifungia ndani. Shule zikifungwa Agosti, mtoto huwekwa mbele ya televisheni na kikombe cha chai. Hapo atawatazama simba wa Serengeti, dubu wa Marekani na pengwini wa huko kwenye barafu. Ilhali simba wa kweli, mwenye njaa ya kweli, ananguruma kilomita chache tu kutoka kitanda chake. Hoja yangu leo ni moja: kipupwe ndiyo majira bora ya kuwajua wanyama ambao ni majirani zetu, na kutowajua kumekwisha kutugharimu sana.

Uwanda uliopungua

Nimeishi Rongai tangu mwaka 1997. Wakati huo palikuwa na nyumba chache, vichaka vingi na vumbi lisilo na mwisho. Jina kamili la mji wetu, Ongata Rongai, ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Kweli jina ni ishara, kwani uwanda huo umezidi kuwa mwembamba mwaka hadi mwaka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 170,000 Ongata Rongai, na zaidi ya 150,000 Kitengela. Kati yetu na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi pana Mto Mbagathi tu, ambao kuna mahali mtu mzima huuvuka kwa kurukia mawe.

Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza nchini Kenya. Eneo lake ni kilomita mraba 117 tu. Upande wa jiji una ua wa waya, lakini upande wa kusini, wa mtoni, uliachwa wazi. Haukusahauliwa, uliachwa kwa sababu mbuga haikuwahi kujitosheleza. Watu wengi hudhani wanyama hukaa mle mwaka mzima kama kuku bandani. La hasha! Mbuga ni chumba kimoja tu cha nyumba kubwa, na vyumba vingine viko Kitengela na katika nyanda za Kaputiei hadi kusini huko.

Sikiliza jinsi nyumba hiyo inavyotumika. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, nyasi za mbugani hurefuka, na palipo na nyasi ndefu ndipo simba hujificha. Basi nyumbu na pundamilia hutoka kwenda kusini, kwenye nyasi fupi zenye madini mengi, ambako adui huonekana kutoka mbali. Mvua zikikatika na kipupwe kuingia, madimbwi ya nyandani hukauka moja baada ya jingine. Hapo wanyama huanza kurudi mbugani, kwenye mabwawa yasiyokauka na maji ya Mbagathi. Kwa hivyo Julai na Agosti, miezi tunayoilalamikia, ni miezi ya wanyama kurudi nyumbani. Asiyekwenda kuwatazama wakati huo amekosa mengi.

Somo huanzia uani

Kabla hujalipa hata senti ya kiingilio, anza na ua wa nyumba yako. Wapo ndege wadogo wa rangi ya kijivu, wenye mikia mirefu kama ya panya, ambao hula matunda na majani katika bustani zetu. Watazame asubuhi ya baridi. Wananing'inia kwenye tawi, matumbo wameyaelekeza kwenye jua. Wanajipasha moto, na joto hilo huwasaidia kusaga majani waliyokula. Usiku hulala wameshikamana kundi zima, kama watoto wa familia moja chini ya blanketi moja.

Katika baadhi ya nyua za vitongoji vya Nairobi huishi pia kinyonga mwenye pembe tatu. Huyu hatagi mayai kama vinyonga wengi wengine. Huzaa watoto hai. Sababu yake inafahamika ukikumbuka baridi: yai lililozikwa katika udongo baridi huchelewa kuanguliwa, bali mama anayebeba watoto tumboni aweza kuwahamisha kutoka kivulini hadi juani. Watu wengi humwogopa kinyonga na kumpiga mawe. Ukimweleza mtoto wako jambo hili moja tu, jiwe litamdondoka mkononi.

Tena jiulize, mbayuwayu wa Ulaya wako wapi mwezi wa Julai? Wamekwenda kwao kuzaa, maana huko ni majira ya joto. Watarudi kwetu Oktoba, wakikimbia baridi kali ya Ulaya, ingawa ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 20 tu. Yaani kuna wageni ambao huiona Kenya kama sisi tuionavyo Mombasa, mahali pa kwenda kuota jua. Na wakati hao hawapo, kuna wengine wanaotoka upande wa kusini. Mmoja ni koikoi wa Bukini, ndege wa majini anayekuja Afrika Mashariki kati ya Mei na Oktoba, kisha hurudi kisiwani kwake kutaga.

Tulichojifunza na afande

Mwaka jana mwezi wa Julai, wazazi kadhaa wa ploti yetu tulichanga pesa, tukakodi matatu, tukawapeleka watoto mbugani. Tuliingia saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Watoto walilalamika kwa baridi. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kweli tutaona kitu katika ukungu huu?" Nikamwomba avute subira.

Kwanza tulifika kwenye majabali yaliyo juu ya bonde. Hapo palikuwa na pimbi wapatao kumi na watano, wamejipanga juu ya jiwe na kulaliana. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza aliwaeleza watoto kuwa pimbi hana uwezo mkubwa wa kulinda joto la mwili wake, ndiyo maana huanza siku kwa kuota jua. Kisha akawauliza, "Nani anajua jamaa yake pimbi ni nani?" Mmoja akasema panya, mwingine akasema sungura. Jibu ni tembo! Miongoni mwa wanyama walio hai leo, jamaa wa karibu zaidi wa pimbi ni tembo na nguva wa baharini. Watoto walicheka hadi wakasahau baridi.

Mbele kidogo tuliwaona tumbusi wamekaa juu ya mti mkavu, mabawa wameyakunja. Mwanangu wa gredi ya sita akauliza, "Afande, mbona hawaruki? Ni wagonjwa?"

"Hapana, kijana. Wanangoja hewa," afande akajibu. Akatufafanulia kwamba tumbusi ni mzito, na akipiga mabawa muda mrefu atachoka bure. Yeye hupanda juu kwa hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhini. Siku ya mawingu ardhi huchelewa kupata joto, basi naye hubaki mtini hata saa nne. Hapo nikaona faida ya kuja wakati wa baridi. Siku ya jua kali ungewaona kama vitone tu angani, lakini siku ya kipupwe wanakaa mtini uwahesabu.

Hata simba hubadili ratiba. Jua likiwa kali hutafuta kivuli mapema na kulala mchana kutwa. Siku ya mawingu aweza kutembea hadi asubuhi ionekane imekwisha. Sisi tulimwona jike mmoja saa tatu, anapita pembeni mwa barabara bila haraka, kama mwenye mji wake. Ndani ya gari pakawa kimya ambacho sijawahi kukipata darasani.

Tulimwona pia mbuni dume, shingo na mapaja yake yamewiva wekundu, ishara kuwa anatafuta wenzi. Majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, lakini jike mkuu huyatambua mayai yake na kuyaweka katikati, ya wenzake akayasukuma pembeni. Kisha yeye na dume huatamia kwa zamu. Jike mwenye rangi ya vumbi hukaa mchana, na dume mweusi hukaa usiku, kila mmoja katika saa ambayo rangi yake humficha. Akina baba waliokuwemo garini waliulizwa na wake zao kama wamelisikia somo hilo la zamu za usiku.

Na juu ya yote hayo, treni ilikuwa ikipita hewani. Reli ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, inaikata mbuga juu ya daraja refu la nguzo, na twiga hupita chini yake.

Gharama ya kutojuana

Sasa, msomaji wangu, tuingie katika jambo zito. Mwezi wa Juni mwaka 2012, simba sita waliuawa na wananchi Kitengela baada ya kuvamia zizi la mbuzi. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika makazi yaliyo jirani na mbuga. Sisi wenye watoto hatukulala vizuri majuma mengi. Tangu hapo nimewasikia watu wengi wakisema, "Mbuga ifungwe kwa ua pande zote, basi."

Siwalaumu. Mwenye mtoto ana haki ya kuogopa, na uhai wa mtoto hauna kifani. Lakini tuyatazame mambo kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walikadiriwa kuwa karibu 30,000. Hesabu za miaka ya 2010 zilipata elfu chache tu. Hawakuliwa na simba hao wote. Njia zao zilizibwa kwa ploti, kuta, machimbo ya mawe na nyua za waya. Simba aliyezoea kula nyumbu akiwakosa afanye nini? Atamfuata mbuzi, na mbuzi yuko nyumbani kwa mtu. Ukifunga ua upande wa kusini, umewafungia nyumbu nje au ndani, na hizo kilomita mraba 117 zitakuwa zizi kubwa tu. Usipofunga na usifanye lolote, watu na simba wataendelea kukutana gizani. Njia iliyobaki ni ngumu, nayo ni kuacha mapito machache yabaki wazi na sisi kujifunza kuishi kando yake.

Mzee mmoja mfugaji wa upande wa Kitengela, ambaye hununua dawa za mifugo hapa Rongai, aliniambia neno ambalo sijalisahau. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," nikamuuliza kama hawachukii wanyama. Akasema, "Marahaba, Mwalimu. Simba akila ng'ombe wangu namchukia siku ile. Lakini sisi tulifundishwa. Nyumbu wakizaa, huchungi ng'ombe mahali pale, watapata ugonjwa. Jua likizama, mtoto hatumwi mtoni. Nyinyi mmejenga nyumba za ghorofa, lakini nani aliwafundisha?"

Mzee alisema kweli. Nyumbu huzaa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na ndama wao hueneza virusi visivyowadhuru wao bali huua ng'ombe. Wamaasai waliujua mwiko huo kabla ya maabara kuueleza. Na hao hao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kuuacha uwanda wazi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, ili wasizungushe ua wala kukata ploti. Ulikuwa mpango mzuri, lakini shilingi 300 zitashindanaje na mnunuzi mwenye mamilioni mkononi?

Mvulana na taa zake

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, nawapa mfano wa mtu aliyekuwa rika lenu. Richard Turere alikuwa mvulana wa Kimaasai aliyechunga ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga upande wa Kitengela. Simba walikuwa wakiwala ng'ombe hao usiku. Alijaribu moto, haukufaa. Akajaribu kuweka sanamu ya mtu. Simba walidanganyika siku ya kwanza, siku ya pili wakaizoea. Usiku mmoja, akizungukazunguka zizini na tochi, alitambua kuwa simba wanaogopa taa inayotembea. Akachukua balbu za tochi, betri ya gari kuukuu, kisanduku cha taa za ishara za pikipiki na paneli ya jua, akaunda taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, kana kwamba kuna mtu anayezunguka. Simba wakakoma kuingia zizini. Majirani wakamwomba awawekee na wao, na mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani kueleza kazi yake mbele ya wataalamu wa dunia.

Angalia vizuri alianzia wapi. Hakuanza na betri. Alianza kwa kumtazama simba usiku baada ya usiku, hadi akajua anachokiogopa. Elimu ya wanyama iliwalinda ng'ombe, na ikawaokoa simba pia, kwani simba asiyeingia zizini hapigwi mkuki.

Ufanye nini, msomaji?

Kwanza, chagua siku moja ya kipupwe mwaka huu uipeleke familia yako. Usingoje jua. Mfike mapema, mvae vizuri, mbebe chai na daftari. Ada hulipwa kwa simu, nayo hubadilika, hivyo uliza kiasi kabla ya kwenda. Asiye na gari aweza kwenda kwenye kituo cha wanyama yatima kilicho kwenye lango kuu la Lang'ata, kilichofunguliwa mwaka 1964, au kutembea kwa miguu pale Safari Walk.

Pili, nyinyi wanafunzi ulizeni kama shule yenu ina kilabu cha wanyamapori. Wildlife Clubs of Kenya ilianza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe, na makao yake yako hapo Lang'ata. Kama hakuna kilabu, mwanzishe. Kila mmoja aandike mnyama au ndege aliyemwona, tarehe, saa na hali ya hewa. Baada ya kipupwe kimoja mtakuwa na maarifa ambayo hakuna kitabu kitakachowapa kuhusu mtaa wenu.

Tatu, wazazi tunaoishi kando ya Mbagathi tuwafundishe watoto desturi za jirani. Mtoto asiende mtoni kabla ya jua kutoka wala baada ya jua kuzama. Mbuzi, kondoo na mbwa walale mahali palipojengwa imara. Takataka zisitupwe ovyo, kwani huwaita nyani, na nyani aliyezoea chakula cha watu hageuki tena kuwa wa porini. Ukiona nyayo kubwa zisizo na alama za kucha, usizifuate ili upate picha. Waarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na umwambie na jirani yako.

Usiku ulio shwari hewa baridi hulala chini na yenye joto ikawa juu yake. Hapo sauti hupindishwa kurudi ardhini, na ngurumo ya simba yaweza kusikika kilomita nane. Mtoto wako akiisikia na kukuuliza ni nini, usimwambie, "Lala!" Mwambie ni nani, yuko upande gani wa mto, anatafuta nini na kwa nini mlango umefungwa. Wahenga walinena kuwa heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Jirani huyu hatumkaribishi nyumbani, lakini ni lazima tumjue. Kipupwe njema, na tukijaliwa tukutane Jumapili ijayo.